Figo zinapovimba kwa lupasi: mwongozo wa kupima, kutibu na kulinda figo ukiwa Uganda

Watu wengi huijua lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, kwa maumivu ya viungo, vipele vya mashavuni, nywele kunyonyoka na uchovu usioisha. Figo hazina kelele hizo. Karibu watu 4 kati ya 10 wenye lupasi hupata uvimbe wa figo wakati fulani, mara nyingi ndani ya miaka 5 ya kwanza, na kwetu Waafrika hutokea zaidi na huja kwa ukali zaidi. Hakuna maumivu. Mgongo unaouma si dalili yake, na mgongo usiouma si uthibitisho kwamba figo ni nzima.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kingamwili ambazo lupasi imezielekeza vibaya hunasa kwenye vichujio hivyo na kuvivimbisha, kisha protini na chembe nyekundu za damu, ambazo zilipaswa kubaki kwenye damu, huponyoka na kuingia kwenye mkojo. Uvimbe ukikaa muda mrefu hugeuka kovu. Uvimbe unatibika, kovu halitibiki. Hatua zote zilizo hapa chini ni za kuuwahi uvimbe kabla ya kovu.

Hatua ya 1: Pima mkojo kila miezi 3, hata ukijisikia mzima

Kipimo cha kijiti ni cha bei ndogo na hufanyika kwenye vituo vingi vya afya vya ngazi ya tatu na ya nne. Ukiambiwa vijiti vimekwisha, ulizia upande wa kliniki ya wajawazito, maana huko hutumika karibu kila siku.

Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mkojo wa mchana, baada ya kunywa maji mengi, huwa mwepesi na unaweza kuificha protini. Tumia kopo safi na kavu, mwaga wa mwanzo chooni, kinga wa katikati, funika, na ufikishe maabara ndani ya saa 2. Mwanamke aliye kwenye hedhi asubiri siku 3 baada ya damu kukatika, la sivyo kijiti kitasoma damu isiyotoka kwenye figo. Mpimaji asome sehemu ya protini baada ya sekunde 60 hivi, kama chupa ya vijiti inavyoelekeza. Chupa iliyoachwa wazi kwenye unyevu hutoa majibu ya uongo, kwa hiyo usione haya kuuliza ilifunguliwa lini.

Majibu huandikwa kwa alama za kujumlisha. Alama 1 ni takriban miligramu 30 za protini kwa desilita moja, alama 2 ni 100, na alama 3 ni 300. Homa kali, kazi nzito ya siku hiyo au maambukizi ya njia ya mkojo vinaweza kuleta alama 1 ya muda tu. Rudia baada ya wiki moja. Ikibaki alama 1 au zaidi, au ukikutwa na protini pamoja na damu, nenda hatua ya 2 bila kungoja miguu ivimbe.

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotezewa miezi. Protini na damu zikionekana kwenye mkojo, jibu la haraka la kliniki nyingi ni kwamba una maambukizi, na unapewa siprofloksasini ya siku 5. Huenda ni kweli. Lakini mgonjwa wa lupasi akimaliza dawa hiyo lazima apime mkojo tena. Protini ikiwa bado ipo, tatizo halikuwa maambukizi, na antibiotiki ya pili au ya tatu haitabadilisha kitu. Mwambie musawo (mhudumu wa afya) waziwazi: “Nina lupasi, na protini haijaondoka.”

Kati ya vipimo, angalia haya mwenyewe: povu kwenye mkojo lisilotoweka baada ya dakika kadhaa, kope zilizovimba asubuhi, alama ya soksi inayobaki imebonyea jioni, kuamka usiku mara nyingi kukojoa, mkojo wenye rangi ya chai nzito.

Hatua ya 2: Thibitisha kwa vipimo vichache vinavyofaa

Fedha zikiwa chache, anza na hivi vitatu. Cha kwanza ni uwiano wa protini na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huichuja) kwenye mkojo. Hukokotolewa kwa mkojo wa mara moja, na kwa kazi nyingi umechukua nafasi ya kukusanya mkojo wa saa 24 kwenye dumu. Mpaka wa kushtuka ni gramu 0.5 za protini kwa gramu moja ya kreatinini, yaani miligramu 500 kwa gramu, au takriban miligramu 50 kwa milimoli. Cha pili ni kreatinini ya damu pamoja na potasiamu. Cha tatu ni mkojo chini ya hadubini, kutafuta chembe nyekundu za damu, zikiwa moja moja au zimegandamana kuwa vifungu.

Tahadhari na neno “kawaida” kwenye karatasi ya majibu. Mwanamke wa miaka 28 mwenye kreatinini ya mikromoli 110 kwa lita anaweza kuambiwa yuko karibu sawa, kwa sababu viwango vingi vya maabara vinajumlisha wanaume wenye misuli. Ukikokotoa kasi ya kuchuja ya figo zake, unapata takriban mililita 60 kwa dakika, wakati umri wake unadai zaidi ya 90. Omba kasi ya kuchuja iandikwe pamoja na kreatinini. Kisha rudi maabara ileile kila mara, maana vipimo viwili vya maabara mbili havilinganishwi vizuri.

Vipimo vya kingamwili dhidi ya DNA na vya komplimenti C3 na C4 (protini za kinga zilizo kwenye damu) vinasaidia kuonyesha kama lupasi imeamka. Ni vya gharama, na havipatikani kila mahali. Usikope ili kuvifanya huku kreatinini hujapima.

Hatua ya 3: Biopsi ya figo

Protini ikivuka gramu 0.5, au kreatinini ikipanda bila sababu nyingine, daktari wa figo atataka kipande kidogo cha figo. Kwa walio mikoani, njia ya kawaida ni rufaa kutoka hospitali ya rufaa ya mkoa kwenda kwenye madaktari wa figo, kama walioko Mulago na Kiruddu jijini Kampala. Beba barua ya rufaa pamoja na majibu yote ya zamani.

Neno “kukata figo” huwatisha watu, na hofu hiyo inaeleweka. Kinachofanyika ni sindano ndefu kupita mgongoni, chini ya ganzi, daktari akiangalia kwa mashine ya ultrasaundi, ukiwa umelala kifudifudi na kubana pumzi sekunde chache. Kabla yake presha inapaswa kuwa chini ya 140/90, damu ipimwe kama inaganda vizuri, na aspirini isimamishwe kama daktari atakavyoelekeza, mara nyingi wiki moja kabla. Baadaye utalala chali saa kadhaa, mara nyingi hadi kesho yake. Mkojo wenye rangi ya waridi siku ya kwanza si ajabu. Mabonge ya damu, maumivu makali ya ubavu au kizunguzungu ni sababu ya kumwita muuguzi papo hapo.

Majibu huja kwa madaraja 6. Daraja la 1 na la 2 kwa kawaida hayahitaji dawa kali. La 3 na la 4 ndiyo yanayokimbia kuelekea kovu, na yanahitaji dawa nzito bila kuchelewa. La 5 humwaga protini nyingi na kuvimbisha mwili. La 6 ni kovu tupu, ambapo dawa kali zitaumiza bila kusaidia. Hiyo ndiyo faida ya biopsi: bila hiyo, mtu wa daraja la 2 na mtu wa daraja la 4 wanaweza kuonekana sawa kwenye karatasi ya mkojo. Pale isipowezekana kabisa, daktari anaweza kuanza matibabu kwa kutegemea mkojo, kreatinini na presha. Kukosa biopsi kusiwe sababu ya kukaa bila dawa.

Hatua ya 4: Kabla ya kumeza dawa kali

Dawa za kushusha kinga huamsha magonjwa yaliyolala. Pima kwanza kifua kikuu, homa ya ini B na VVU. Homa ya ini B isiyojulikana inaweza kuripuka katikati ya tiba na kuharibu ini, na kuna dawa za kuizuia. Uliza pia kuhusu minyoo inayoitwa strongiloidi, inayoingia kupitia ngozi ya miguu. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ikiwa ya kiwango kikubwa huiachia minyoo hiyo isambae mwili mzima, na ivermektini kabla ya tiba huikata. Chanjo hai, kama za homa ya manjano na surua, hazifai ukiwa kwenye dawa hizi, hata kama timu ya chanjo imefika kijijini na kila mtu anachomwa. Waeleze unatumia nini.

Hatua ya 5: Dawa, na namna ya kuzitumia bila kujiumiza

Haidroksiklorokwini ndiyo msingi, na karibu kila mgonjwa wa lupasi anapaswa kuwa nayo. Kipimo hakizidi miligramu 5 kwa kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 300, na kwa kuwa kidonge ni cha 200, humeza kimoja leo na viwili kesho. Meza na chakula. Inachukua miezi 2 hadi 3 kuonyesha kazi yake, kwa hiyo usiiache wiki ya nne kwa kuona haijafanya lolote. Figo zikiwa zimedhoofika sana, kipimo hupunguzwa. Macho yakaguliwe na mtaalamu mwaka wa kwanza, kisha kwa ratiba atakayotoa. Jamaa watakuuliza kwa nini unakunywa dawa ya malaria bila malaria. Waeleze kwamba hapa inatuliza kinga, na kwamba haikukingi na malaria ya Uganda. Muuza dawa akikupa klorokwini akisema ni ileile, kataa: kipimo chake ni tofauti na hudhuru macho zaidi.

Prednisoloni huzima moto haraka. Kwa daraja la 3 au la 4, hospitali mara nyingi huanza na methilprednisoloni ya dripu, miligramu 250 hadi 500 kwa siku, siku 1 hadi 3, halafu vidonge. Vidonge vingi ni vya miligramu 5, hivyo miligramu 40 ni vidonge 8, vyote kwa pamoja asubuhi baada ya kula. Ukimeza jioni, usingizi utakuhama. Kiwango hushushwa hatua kwa hatua, lengo likiwa kufika miligramu 5 au chini ndani ya miezi kadhaa.

Jambo la kushika kuliko yote kuhusu prednisoloni: usiikatishe ghafla. Baada ya wiki chache za kuitumia, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yao wenyewe. Ukiacha siku moja kwa sababu hela zimekwisha au uso umevimba, unaweza kuanguka kwa presha ya chini, kutapika na kuzimia. Weka akiba ya wiki 2 nyumbani, na nunua kabla akiba hiyo haijaguswa. Ukitapika kiasi kwamba vidonge havikai, nenda hospitali upate ya sindano siku hiyohiyo. Kiu na kukojoa kupita kawaida ni ishara ya kupima sukari. Utando mweupe mdomoni ni fangasi, unatibika.

Juu ya hizo huongezwa moja kati ya dawa mbili. Maikofenoleti hunywewa nyumbani, gramu 2 hadi 3 kwa siku zikigawanywa mara mbili. Anza na miligramu 500 asubuhi na 500 jioni, upandishe taratibu kwa maelekezo ya daktari, kwani ukianza na kiwango kamili tumbo litaharisha na utaiacha. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zitenganishwe nayo kwa saa 2. Siklofosfamidi hutolewa kwa dripu hospitalini: miligramu 500 kila baada ya wiki 2, mara 6, basi. Hesabu ya chembe nyeupe hufanywa kabla ya kila dripu, maana hushuka zaidi kati ya siku ya 8 na ya 14. Siku hiyo kunywa maji vizuri na kojoa mara kwa mara ili kibofu kisiungue, isipokuwa daktari amekuwekea kikomo cha maji.

Kwa mgonjwa wa mbali ambaye hana uhakika wa kununua maikofenoleti kila mwezi, ratiba ya dripu 6 ni chaguo la heshima, si la daraja la pili. Dripu iliyokamilika inashinda vidonge vilivyokosekana mwezi wa tatu. Mwambie daktari ukweli kuhusu fedha na nauli siku ya kwanza, ndipo apange nawe.

Uvimbe ukitulia, huja dawa ya kutunza: maikofenoleti kwa kiwango kidogo, au azathioprini takriban miligramu 2 kwa kilo. Tiba yote kwa jumla isipungue miaka 3. Azathioprini na alopurinoli, dawa ya gauti, zikikutana humaliza chembe nyeupe za damu. Kamwe zisianzishwe pamoja bila daktari wa figo kujua.

Enalaprili, lisinoprili au losartani huongezwa ili kupunguza protini na presha. Pima kreatinini na potasiamu wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza. Kreatinini kupanda hadi asilimia 30 huvumilika. Siku ya kuharisha au kutapika sana, simamisha dawa hii peke yake na uwasiliane na kliniki, kwa sababu figo zisizo na maji zinaweza kukwama.

Hatua ya 6: Daftari la nyumbani

Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, presha, uzito, matokeo ya mkojo na dawa. Presha: kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wazi kwenye usawa wa moyo, pima mara 2 kwa kuachana dakika moja. Lengo ni chini ya 130/80. Uzito: asubuhi baada ya kukojoa, mizani ileile. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya wiki, hayo ni maji, si kunenepa.

Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama tiba inashika. Protini inatarajiwa kushuka kwa angalau robo ndani ya miezi 3, nusu ndani ya miezi 6, na kufika chini ya gramu 0.5 hadi 0.7 ndani ya mwaka. Aliyeanza na protini nyingi sana anaweza kuhitaji miezi 6 hadi 12 ya ziada. Isiposhuka, swali la kwanza ni kama dawa zilimezwa zote, na linaulizwa ili kusaidia. Jibu kwa ukweli, maana daktari asiyejua kwamba uliruka mwezi atakuongezea dawa kali usiyoihitaji.

Hatua ya 7: Jikoni na duka la dawa

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai cha kusawazishwa kwa siku, ukihesabu na iliyomo ndani ya mkate, samaki wa chumvi na viungo vya pakiti. Magadi ya kulainishia maharagwe nayo ni sodiamu, ingawa hayana ladha ya chumvi. Loweka maharagwe usiku kucha badala yake.

Kuhusu matoke, viazi vitamu na parachichi: usiviache kwa sababu tu umeambiwa una ugonjwa wa figo. Vina potasiamu, na hupunguzwa tu pale kipimo cha damu kinapoonyesha imepanda. Ikipanda, kata matoke vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi na umwage maji hayo. Matoke ya kupikwa kwa mvuke ndani ya majani hubaki na potasiamu yake.

Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo, na zinauzwa kila kona, wakati mwingine zikichanganywa kwenye pakiti ndogo zisizo na jina. Kwa maumivu tumia parasetamoli, na usimeze kidonge usichokijua jina. Mitishamba na mumbwa (udongo uliochanganywa na mitishamba) haina kipimo kinachojulikana, na mingine huumiza figo moja kwa moja. Jua nalo huamsha lupasi: mikono mirefu, kofia pana, kivuli kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni.

Hatua ya 8: Uzazi

Hili lizungumzwe kabla ya dawa, pamoja na mume kama mgonjwa anataka. Maikofenoleti na siklofosfamidi huharibu mimba. Pima ujauzito kwanza, kisha tumia kinga ya uhakika: kipandikizi cha mkononi au kitanzi cha shaba. Vidonge vyenye estrojeni havifai lupasi ikiwa imeamka. Dripu 6 za siklofosfamidi kwa kiwango kilichotajwa juu mara chache sana huzima uzazi. Viwango vikubwa vya muda mrefu ndivyo huzima.

Lupasi si hukumu ya kukosa mtoto. Subiri figo zitulie angalau miezi 6, hamia azathioprini walau wiki 6 kabla ya kutafuta mimba, uendelee na haidroksiklorokwini muda wote, na uongozwe kuhusu kuacha enalaprili au losartani. Aspirini ndogo kuanzia wiki ya 12 hupunguza hatari ya kifafa cha mimba.

Hatua ya 9: Figo zikishindwa

Wakati mwingine kovu hushinda licha ya juhudi zote. Usafishaji damu kwa mashine hutolewa Kiruddu na hospitali nyingine kadhaa, kwa kawaida mara 2 au 3 kwa wiki. Upandikizaji nao sasa upo nchini: sheria ya uchangiaji wa viungo ilipitishwa mwaka 2023, na Mulago ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo Desemba mwaka huohuo. Ulizia mapema kasi ya kuchuja inapokaribia 20, ndugu wapate muda wa kupimwa.

Nenda hospitali leo, hata usiku

Kukojoa kidogo sana au kukosa mkojo. Kupumua kwa shida ukilala. Presha ya 180/120 au zaidi, au maumivu makali ya kichwa na macho kuona ukungu. Degedege. Mguu mmoja kuvimba na kuuma ghafla, maana upotevu wa protini nyingi hugandisha damu. Homa yoyote ya nyuzi 38 au zaidi: upimwe malaria, lakini kipimo kikiwa hasi usirudishwe nyumbani na panado, na kikiwa chanya bado waangalie kama kuna maambukizi mengine. Prednisoloni huificha homa, hivyo hata 37.8 ukiwa unatetemeka inatosha kukupandisha boda. Beba daftari na mfuko wa dawa zote, na mlangoni sema: “Nina lupasi ya figo, natumia prednisoloni, isisimamishwe.”